Nilivyolisugua Gari la Baba Mkwe

Leo nimevuliwa nguo hadharani, mchana kweupe, mbele ya wakwe. (Si nguo za kweli. Afadhali zingekuwa za kweli.)

Nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Buruburu, maana wale wataongeza chumvi, na kisa chenyewe kimeshakolea.

Mnajua leo wajomba zangu walikuwa wanakwenda Buruburu kwa akina mchumba wangu Nekesa kuniposea. Baba yake Nekesa ni karani mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Isipokuwa ukimgusia gari lake. Ana Pijo la buluu analolipangusa kila asubuhi, na kila mgeni lazima asikie historia yake: lilikuwa la bibi mmoja wa Kizungu, akiliendesha Jumapili tu, kwenda kanisani na kurudi. "Halijapakwa rangi tangu litoke kiwandani," mzee husema, huku akiligonga paa kwa kidole kimoja.

Saa tatu asubuhi akanikabidhi ufunguo nikawapokee wajomba stendi. Basi lao kutoka Bungoma lilikuwa liingie saa saba.

"Barasa," akasema, "nikiweza kukuamini na gari, nitaweza kukuamini na binti."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilipitia soko la Gikomba kwanza kuchukua koti langu la mtumba, fundi cherehani alikuwa ameshalipunguza mikono. Nilikuwa ndani ya kibanda chake nikijitazama kwenye kioo (koti lilinikaa, msibishe) niliposikia krrrrr! Nikatoka mbio. Mkokoteni uliojaa mbao ulikuwa unapita, na mlango wa nyuma wa kushoto wa Pijo ulikuwa na mchirizi mrefu kama mkono wangu.

"Pole, buda!" akasema mwenye mkokoteni, bila hata kusimama.

Saa nne kasoro. Nikaliendesha gari hadi Jericho nyumbani kwangu, nikalificha nyuma ya nyumba na kumgongea jirani yangu Odhiambo, anayepaka rangi magari kwenye gereji. Alikuja, akapitisha ukucha kwenye mchirizi.

"Haujafika kwenye bati," akasema. "Unatoka huu."

Akanipa mkebe wa dawa ya kusugulia rangi, ile nzito kama uji ulioganda, ukiishika vidoleni inakwaruza kama ina mchanga. Akanipa na chupa ya polishi.

"Loanisha kitambaa. Sugua polepole, kwa mviringo. Kitambaa kikianza kushika rangi ya gari sana, acha hapo hapo. Umesikia? Acha. Halafu paka polishi."

"Si unifanyie wewe?"

"Nachelewa kazini. Na Barasa, usiguse msasa."

Nikasugua. Polepole, kwa mviringo, kama nilivyoambiwa. Jamani, mchirizi ukaanza kufifia! Saa tano ilikuta umebaki kama unywele mmoja. Mtu mwenye akili angepaka polishi akaenda zake. Lakini nilipoinama nikaukodolea macho, bado niliuona, na nikamwona baba mkwe naye akiinama na kuukodolea vilevile.

Nikagusa msasa. (Niliukuta dirishani kwa Odhiambo. Kwa nini mtu anaacha msasa dirishani?)

Mara tatu tu. Unywele ukapotea. Mahali pake pakatokea doa jeupe, na ndani ya doa kitu chekundu. Nikadhani ni damu, nikatazama vidole vyangu. Vizima. Nikachukua dawa na kusugua lile jekundu litoke. Halikutoka, lilikua. Likawa na mguu. Likawa na pembe. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikasoma: Z.

Kulikuwa na maandishi chini ya rangi!

Hapo ndipo akili iliponitoka kabisa. Nilijiambia nikisugua pembeni kidogo, buluu itasambaa na kuifunika ile Z. Nikasugua kulia, ikaja E. Nikasugua kushoto, ikaja N, kisha U. Kadiri nilivyoficha ndivyo nilivyofichua. Jasho likanitiririka machoni, nikawa nalipangusa kwa mkono huku nasugua kwa mkono mwingine. Nilipokuja kusimama ilikuwa saa sita na nusu, na mlango wa gari la bibi wa Kizungu ulikuwa unasema, kwa herufi nyekundu kubwa:

JIFUNZE UDERE

(Herufi mbili za mwisho zilinusurika kwa sababu dawa iliisha.)

Lile gari lilikuwa la shule ya udereva. Halikuwa limeendeshwa Jumapili na bibi mmoja, lilikuwa limeng'ang'aniwa na nusu ya Nairobi.

Wajomba walikuwa njiani, sikuwa na la kufanya. Nikachukua taulo langu la maua, nikalining'iniza nje ya ule mlango, nikapandisha kioo kulibana. Nikavaa koti, nikaondoka mbio. Kujitazama kwenye kioo? Muda huo ningeutoa wapi?

Wajomba wawili walikuwa wananisubiri na kuku wao kapuni. Mjomba Simiyu, mwalimu mkuu mstaafu, alinitazama usoni kwa muda mrefu kabla ya kunipa mkono. Nikadhani amependa koti.

"Hili taulo ni la nini?" akauliza.

"Ni desturi ya huku Nairobi, mjomba. Gari la wachumba hupambwa."

Akaingia nyuma upande uleule wa taulo. Tulipofika Jogoo Road ndani ya gari mlikuwa kama tanuri.

"Nifungue dirisha kidogo," akasema.

"Hapana, mjomba!"

"Kwa nini?"

"Vumbi!"

"Mbona wewe umefungua lako?"

"Mimi nimelizoea!"

Niliuona kwenye kioo kidogo mkono wake ukikichezea kile kishikio cha dirisha. Niliendesha jicho moja barabarani na jingine kwenye mkono ule. Kila akikigusa nakohoa. Kila nikikohoa anakiachia. Tukaingia Buruburu hivyo, tunakohoa na kuachia.

Mpango wangu ulikuwa kuegesha upande wa mlango huo ukigusana na ua wa michongoma. Lakini baba mkwe alikuwa ameshasimama langoni na majirani kama ishirini, mama mkwe na kina mama wa kanisa wakiimba. Akanyoosha mkono.

"Geuza! Geuza, gari litazame barabara, wageni walione vizuri!"

Ningemkatalia vipi? Nikageuza. Upande wa kushoto ukawaelekea watu wote, taulo likiwa bado mahali pake. Nikavuta pumzi. Baba mkwe akawageukia majirani, akaanza, "Gari hili mnaloliona, bibi mmoja wa Kizungu..."

Mjomba Simiyu joto likamshinda. Akateremsha kioo.

Taulo likaanguka.

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Na mjomba wangu, mwalimu wa miaka arobaini, mtu asiyeweza kuona maandishi akanyamaza, akachungulia nje, akainamisha kichwa na kusoma kwa sauti ya darasani:

"Jifunze udere. Udere ni nini?"

Baba mkwe alikuja polepole. Akaugusa mlango. Akanitazama.

"Nani amefanya hivi?"

Nikafungua mdomo kusema ukweli. Ukatoka uongo.

"Watu wa Gikomba, Mzee. Niliegesha dakika moja tu, wakaandika."

"Wakaandika chini ya rangi?"

Hapo mama mkwe akasogea. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, lakini alisogea hadi hatua mbili kutoka kwangu, akanikazia macho.

"Na hao watu wa Gikomba," akauliza kwa upole, "ndio waliokupaka na usoni?"

Nikainama kwenye kioo cha pembeni. Ee Mungu wangu! Paji lote la uso la buluu. Pua ya buluu. Sikio moja la buluu. Nilikuwa nimepita nusu ya jiji hivyo, nimewapokea wajomba hivyo, na wao kwa heshima wakanyamaza! Nekesa alikuwa mlangoni ameuma leso, mabega yanamtetemeka. Sikujua analia au anacheka, mpaka alipolazimika kuketi chini.

Ndipo kina mama wa kanisa wakalipuka.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alimgeukia mumewe. "Baba Nekesa, miaka saba unatusimulia. Yule bibi alikuwa anakwenda kanisani, au alikuwa anawafundisha watu kurudi nyuma?"

Mzee akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya nyumba, penye tangi la maji. Nikajua uchumba umekwisha. Nikamwambia yote: mkokoteni, mkebe, msasa. Akasikiliza bila kupepesa.

"Umeniharibia mlango," akasema hatimaye. "Na umenidanganya mbele ya watu."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Akatazama upande wa vicheko.

"Aliyeniuzia aliniambia ni la bibi," akasema kwa sauti ndogo. "Mwezi wa kwanza tu nilipata kalamu nyekundu chini ya kiti, na karatasi ya mtu aliyefeli kuegesha. Nikazitupa." Akakohoa. "Basi sisi wawili ni waongo. Nawa uso, tukale."

Nikanawa kwa sabuni ya kufulia. Buluu ikawa kijani. Tukaingia, wajomba wakasema waliyotumwa, na posa imekubaliwa, jamani, imekubaliwa!

Jumatatu tunalipeleka Pijo gereji kwa Odhiambo. Baba mkwe anataka niwepo, nijifunze kazi inavyofanywa. Ameweka sharti moja: muda wote mikono yangu ikae mfukoni.