Mikomamanga Minne ya Mama

Jumanne, 15 Julai 2025

Mama ametoa hukumu asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Mwaka juzi makomamanga yaliungua na jua. Mwaka jana yalipasuka yote mtini, ndege wakafanya sherehe. Amesema mtu asiyeweza kutunza miti minne hawezi kumtunza mama mzee. Mwaka huu nisipomletea beseni moja la makomamanga mazima, anahamia Kilelengwani kwa dada yangu Binti. Kuhama kabisa, na kitanda chake. Kisha akaniomba nimsogezee sukari, kana kwamba hajasema kitu.

Nina miaka arobaini na moja. Mke aliondoka zamani, akidai hakuolewa na mipango. Mama naye akienda, hapa kijijini Wema nitabaki na kuku. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana wa kunicheka.

Hata hivyo, wasiwasi wa nini? Mimi ni Buya! Kichwa ninacho.

Mchana nilikwenda kwenye mafunzo ya Bi Sahra, afisa wa kilimo kutoka Hola. Jirani yangu Swaleh alikaa mbele kabisa, na kalamu mbili. Huyu Swaleh shamba lake limepakana na letu, ana mikomamanga sita, na Mama humtaja kila anapotaka kuniumiza. Aliandika kila neno. Mimi sikuandika. Nilisikiliza tu, tena nusu.

Bi Sahra alisema kwanza tupunguze matunda machanga, kila kishada libaki moja, lipate nafasi ya kunenepa. Nimefanya leo leo. Nimeng'oa makubwa yote, nikabakisha madogo. Makubwa yamekwisha kula vya kutosha. Haki lazima itendeke hata mtini.

Alhamisi, 24 Julai

Somo la pili: kalsiamu. Bi Sahra amesema ganda likikosa kalsiamu huwa dhaifu, basi tulinyunyizie tunda lingali changa. Swaleh amekwenda duka la pembejeo Garsen, amerudi na pakiti yake na bomba la kubeba mgongoni. Anatembea nalo kifua mbele kama askari.

Nimecheka peke yangu. Kalsiamu! Si daktari wa zahanati alimwambia Mama anywe maziwa kwa ajili ya mifupa, maana maziwa yamejaa kalsiamu? Niende Garsen kutafuta nini, na kalsiamu inapita mlangoni kwetu kila asubuhi?

Anayeipitisha ni Darmi, mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa. Leo nilichukua dumu zima. Akauliza kama tuna harusi. Nikasema kuna jambo la kheri. Nikatoboa kifuniko cha chupa, nikaipiga miti yote minne, juu na chini, majani na matunda. Ilimeta! Hata Mama angeiona angenyamaza, lakini alikuwa amelala.

Jumamosi, 26 Julai

Maziwa yamechacha mtini. Harufu, subhanallah! Walikuja sisimizi kwanza. Baada yao nzi. Baada ya nzi, paka wote wa Wema, wamekaa chini ya mikomamanga wanatazama juu. Swaleh ameniuliza kwa adabu kabisa kama nimepanda samaki.

Baya zaidi, Darmi amepita akaona. Alisimama, mkono kinywani. Halafu akasema kwao maziwa ni heshima, hata tone likimwagika kwa bahati mbaya mtu husikitika, na mimi nimemwagia mti makusudi huku kuna watoto hawajanywa. Hatuuzii tena. Nikamwambia ni ya kalsiamu. Akasema hata yawe ya nani.

Mama amekunywa chai ya rangi. Hakunilaumu. Aliitazama tu ile chai, mimi nikashikwa na aibu nikatoka nje kufukuza paka.

Jumatatu, 11 Agosti

Binti ana mtoto mchanga wa siku kumi na mbili, msichana. Mama amekwenda Kilelengwani kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Ameniambia akirudi atakwenda mitini moja kwa moja, kabla hata ya kuvua viatu. Kitanda hakuchukua. Niliangalia mara mbili.

Nyumba kimya. Sipendi. Lakini ndio wakati wa kazi kubwa, hakuna wa kunisimamia.

Bi Sahra anasisitiza tumwagilie kidogo kidogo, kila baada ya siku mbili, bila kukosa. Tusiache mti ukauke halafu tukaufurikisha. Swaleh anateka maji mtoni kwa madumu, saa ile ile, mpaka unaweza kurekebisha saa kwa kumtazama. Maskini! Mimi nimesikia redioni kwamba tunda lililokaa na kiu huwa tamu zaidi. Basi nimeacha kumwagilia. Sukari yote itabaki ndani, na mgongo wangu utapumzika.

Jumatano, 13 Agosti

Somo la tatu: kuvika. Kila komamanga livikwe mfuko wa karatasi ya khaki au kitambaa chepesi cheupe, kulikinga na jua na funza. Swaleh amevika khaki. Khaki! Ukiona miti yake utadhani duka la maandazi. Mimi nimetaka kitambaa.

Nimepekua nyumba nzima. Chini kabisa ya sanduku la Mama nikakuta bafta nyeupe, mpya, haijaguswa na sindano, imekunjwa vizuri ndani ya gazeti. Inanukia karafuu maiti. Nadhani Mama anaogopa mende. Sijawahi kumwona akiivaa wala kuitaja, kwa hivyo ameisahau. Kitambaa kizuri namna hii kioze sandukuni! Nimekata mifuko thelathini na tisa, nimeishona kwa mkono, nimejichoma sindano mpaka vidole vimekufa ganzi. Jioni kila komamanga limevaa jeupe, yametulia mtini kama mahujaji.

Nimetokwa na machozi kidogo. Mama angekuwepo!

Ijumaa, 15 Agosti

Swaleh, akitoka msikitini, alisimama uani kwetu. Akaitazama miti, akavua kofia. Akauliza bafta ile nimeipata wapi. Nikamwambia ni ya Mama. Akasema innalillahi, ameaga lini? Nikamwambia hajaaga mtu, Mama mzima wa afya, yuko Kilelengwani. Akasema ndugu yangu, nunua kitambaa kingine ukirudishe sandukuni kabla hajarudi.

Wivu! Wivu mtupu! Umemfikisha mahali pa kuwaua wazazi wa watu.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama amepiga simu. Anarudi Jumatatu. Sauti yake nzuri, mtoto anaitwa kwa jina lake.

Nimefungua mfuko mmoja kutazama. Lo! Kadogo, kagumu, ganda limekauka. Nimefungua wa pili, vivyo hivyo. Wiki tatu na zaidi bila tone la maji, na mvua nayo haikunyesha. Yote yamekomaa lakini yamebaki mafupi ya kimo. Mazima ndiyo, lakini thelathini na tisa haya hayajazi bakuli, seuze beseni. Na Mama alisema beseni.

Nikakaa chini. Nikafikiri. Nikapata!

Nimeazima pampu kwa watu wa shamba la mpunga, nikavuta maji ya mto tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Shamba likawa bwawa, kuku wakapanda juu ya paa. Nikaiambia miti kunyweni, mnenepe, mna siku mbili. Swaleh alikuja mbio, akapiga kelele nizime, nizime upesi. Nikamwashiria kwamba simsikii kwa sababu ya pampu. Nilimsikia vizuri.

Jumatatu, 8 Septemba

Yamepasuka. Yote.

Nilikuwa nimelala mpaka jua likawa juu, nimechoka na pampu. Mama alifika mapema kuliko alivyosema. Hakupiga hodi. Alikwenda mitini moja kwa moja, kama alivyoahidi, miguu ndani ya tope.

Nilipotoka nilimkuta amesimama. Mifuko yote ilikuwa imelowa nyekundu. Maji ya komamanga yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bafta, tone baada ya tone. Mama alikuwa ameshika mfuko mmoja kwa vidole viwili, anaunusa. Sikumwelewa. Nikaanza kumweleza habari za funza.

Akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni sanda yake.

Ameiweka miaka tisa. Jirani aliyekwenda kuhiji aliichukua mpaka Makka, akaifua kwa maji ya Zamzam, akamrudishia. Mama alitaka siku yake ikifika tusihangaike, asimpe mtu tabu. Na mimi nimeikata vipande thelathini na tisa, nimeyavika makomamanga.

Nilitamani ardhi inimeze. Ilikuwa tope, ingeweza.

Jumanne, 9 Septemba

Mama amevikusanya vipande vyote, ameviloweka, amevifua mara tatu. Doa la komamanga halitoki. Ameanika kamba nzima na watu wanapita wanatazama.

Swaleh ameleta beseni la makomamanga yake. Makubwa, mekundu, mazima. Hakujigamba, na hilo ndilo lililoniuma. Alinieleza taratibu kwamba mti uliokauka ukipewa maji kwa ghafla, punje za ndani hufura upesi na ganda haliwezi kuzifuata, hupasuka. Akasema Bi Sahra alilirudia hilo mara tatu. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alikuja kuniambia, nikamwonyesha sikio.

Mama amekula moja. Nami nikala moja, nyuma ya nyumba. Ni tamu. Sitaliandika tena neno hilo.

Binti amepiga simu, analia na kunitukana kwa zamu. Jumapili anakuja na gari kumchukua Mama. Na kitanda.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana sikula. Usingizi sikuupata. Asubuhi nilimfuata Mama jikoni, nikakaa chini sakafuni, nikamwambia niwie radhi. Nikamwambia na ukweli mwingine, kwamba sitaki aende. Kwamba yote yale, maziwa, pampu, mifuko, nilikuwa nataka tu abaki. Sijawahi kumwambia mtu maneno kama hayo. Hata mke sikumwambia, labda ndiyo sababu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Halafu akasema Kilelengwani haendi.

Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema sanda yake ilipokuwa tayari, alikuwa huru kwenda popote, maana popote angefia angekuwa amejitosheleza. Sasa hana. Hawezi kuhamia kwa mkwe mikono mitupu, siku ikifika mkwe ndiye anunue bafta. Aibu hiyo hataki. Mimi niliyeikata ndiye nitakayeinunua, kwa mkono wangu, na mpaka niilete haendi kwa Binti wala haendi kokote, Mungu akipenda.

Akacheka. Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso, na hapo sikujua kama bado anacheka.

Amempigia Binti asilete gari.

Jumapili, 21 Septemba

Mambo shwari. Mama yupo. Mikomamanga inachipua maua mapya, na safari hii nitatumia asali.

Alhamisi nilikwenda Garsen kununua bafta. Ipo tele. Majora kwa majora, nyeupe pe. Nimeipapasa, nzuri kuliko ile ya kwanza. Mwenye duka akashika mkasi, akauliza akate mikono mingapi. Nilimtazama yule bwana na mkasi wake. Nikamwambia bado tunapima, nikatoka.

Nikamwambia Mama bafta imekwisha Garsen nzima. Akanitazama usoni, kitambo kirefu, mpaka nikaanza kujikuna. Akasema basi labda Hola. Nikasema Hola nitakwenda, ila nasikia huko nako ni shida. Akasema hakuna haraka mwanangu, akanipakulia wali.

Lakini adui halali! Jana Swaleh amesema ana safari ya Mombasa, atamletea Mama bafta kama zawadi. Tena ya daraja la kwanza! Nimemwahi. Nimemwambia asisumbuke, nimekwisha nunua, imo sandukuni. Kesho nitampigia Binti nimwambie hivyo hivyo. Anayeuza kitambaa hapa karibu nitazungumza naye, Mama akiulizia bafta aseme imekwisha.

Nimekaa na jambo hili siku nne, nimelipindua huku na huku, silioni kosa. Mtu hazikwi bila sanda. Hilo kila Mwislamu analijua. Sasa mtu asiye na sanda atakufaje? Nisiponunua, Mama yupo. Nashangaa katika watoto wote wa dunia hakuna hata mmoja aliyelifikiria hili kabla yangu.