Jirani Yangu Amemaliza Boti Yake

Kwa Bibi Msimamizi,
Yadi ya Matengenezo ya Boti,
Ofisi ya chini, mlango ulio karibu na kreni.

Mheshimiwa Bibi Msimamizi,

YAHUSU: OMBI LA KUITOA MAJINI BOTI ILIYOKAMILIKA KABLA YA WAKATI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na karani wako, ingawa yeye nina neno naye hapo chini. Mimi ni mwenye ile boti ya faiba yenye chumba, ya pili kutoka getini, iliyokaa juu ya magogo mwaka wa tisa huu. Mafundi wako wananiita Mzee Bado. Jina nimelizoea na sina kinyongo nao.

Nakuandikia kwa uchungu. Jumamosi ya tarehe tatu, mbele ya mashahidi, jirani yangu wa kushoto, yule mwalimu mstaafu, aliishusha boti yake majini. Ikaelea. Tangu siku ile sijakanyaga yadi kwa aibu. Malalamiko yangu ni matano:

1. Amemaliza. Wewe bado mgeni hapo, una miaka minne tu, kwa hiyo pengine hujaijua desturi yetu. Wenye boti za zamani hatuulizani "lini". Tunaulizana "umefikia wapi", jibu ni "bado kidogo", halafu kila mtu anarudi kwenye msasa wake kwa amani. Tulikuwa kumi na mmoja tukiishi hivyo bila ugomvi. Sasa mmoja wetu amejibu "tayari", na sisi kumi hatujui tuangalie wapi.

2. Amemaliza haraka. Miezi kumi na minne tu. Alipita akiigonga sitaha kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio. Palipolia vibaya akazungushia chaki, akakata, akatoa ubao wa ndani uliooza, akaweka mpya, akafunika kwa kitambaa cha faiba na gundi ya resini, akapiga msasa, akasonga mbele. Nje ya chaki hakugusa kitu. Huo ni uzembe, na haraka haraka haina baraka. Mimi nilianza na dirisha moja lililokuwa linavuja. Nikaufuata unyevu hadi ukutani, ukuta ukanipeleka sakafuni, sakafu ikanipeleka kwenye injini, ikabidi injini itoke, na ilipotoka nikakuta faiba ya chini yake imeota malengelenge. Injini ilikaa miaka mitatu kwenye korido ya nyumbani kwetu, imefunikwa shuka, na wageni walikuwa wakiipa pole wakidhani ni mgonjwa. Ilipopona na kurudi botini, dirisha lilikuwa limeanza kuvuja upya. Hiyo ndiyo kazi ya mtu makini.

3. Boti yake haivuji. Nina uhakika, kwa sababu watu walipokuwa wanapongezana mimi nilishuka ndani bila kualikwa, na tochi yangu na kipima unyevu changu. Nililala kifudifudi nikauzamisha mkono chini ya sakafu mpaka kwapani. Ulitoka mkavu. Hebu fikiria, boti zetu ni pacha, zilitoka kwenye kalibu moja mwaka mmoja, miaka thelathini na saba iliyopita. Yake ikiwa kavu watu wataanza kusema hata yangu inaweza kuwa kavu, na mimi hilo naliita uchochezi.

4. Amenishukuru hadharani. Alisimama pale omo, mbele kabisa ya boti, akasema kila alichofanya alifundishwa na mimi: kuchanganya resini kidogo kidogo isije ikachemka kwenye kopo, kunyoa kingo ziwe na mteremko ili kiraka kishike, kutopaka rangi mpaka kiraka kikauke kabisa. Watu wakanigeukia, wakanipigia makofi. Ni kweli nilimfundisha. Lakini nilimfundisha ili ajue, sikumfundisha ili amalize.

5. Mama watoto alikuwepo. Hakuwa amefika yadi kwa miaka sita, lakini siku hiyo mke wa mwalimu alimwalika. Akapanda, akaketi kwenye kitanda cha mbele, akafungua kidirisha, akakifunga, akakifungua tena, akabaki anaangalia maji. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Kwa hiyo inawezekana." Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anaamini haiwezekani, ndiyo maana tuliishi vizuri.

Jumatatu akaenda kwa karani wako na kuandikisha kreni kwa tarehe ishirini na nane. Karani akamuuliza boti inapelekwa wapi, majini au kule nyuma kwenye msumeno, ambako boti zilizokatiwa tamaa hukatwa vipande. Mama watoto akamwambia aandike zote mbili, siku ikifika itajulikana. Na karani akaandika, bila kuniuliza mimi mwenye boti. Ndilo hilo neno nililonalo naye.

6. Nilisema matano, nisamehe. Kilichobaki kwenye boti yangu ni kiraka kimoja chini, upana wa sahani, na rangi. Kiraka hicho nimekiziba mara tatu na kukifungua mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu aliwahi kuniuliza kwa upole kwa nini nakifungua, nikamwambia naona unyevu. Kipimo kinasema hakuna. Ukweli ni kwamba naogopa, Bibi Msimamizi. Tulipoinunua boti hii tuliahidiana na mama watoto kuwa watoto wakikua tutalala humo, sisi wawili, tuamshwe na maji. Watoto wamekua, wa mwisho kaondoka mwaka jana. Boti ikizama, ahadi nayo itazama. Ikiwa juu ya magogo haiwezi kuzama. Hili si lalamiko, sijui hata kwa nini nimelipa namba.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Boti ya mwalimu itolewe majini, irudishwe kwenye magogo yake, na itobolewe tundu dogo la heshima, mahali atakapochagua yeye mwenyewe ili asione ameonewa. Kreni ya tarehe ishirini na nane iharibike. Sikufundishi namna, fundi wako wa kreni ana kipaji. Niandikiwe cheti chenye mhuri kuthibitisha kwamba faiba ya zamani huchukua miaka kumi na mitano kukauka, nikitundike sebuleni usawa wa macho ya mama watoto. Na yote hayo yakishindikana, basi naomba maji yenyewe yafungwe kwa matengenezo.

Nisalimie mlinzi wa getini, fundi wa kuchomelea, na wenzangu wote walio kwenye magogo, waambie tuko pamoja. Msalimie hata mwalimu, maana mgala muue na haki yake mpe.

Wako katika subira,
Mzee Bado

Nyongeza: Barua hii imenichukua wiki tatu na zaidi, kwa sababu kila nikiinyoosha aya ya pili nagundua ya kwanza imeoza. Muda wote nimejifungia chumbani, nikimshukuru Mungu kwamba mama watoto hanisumbui. Leo asubuhi nimetoka kutafuta bahasha, yeye hayupo, na glavu zangu hazipo. Nimemkuta yadi, nywele zina resini, mwalimu kamshikia kopo la rangi likiwa tupu. Kiraka walikiziba wiki mbili zilizopita, na hakuna aliyekifungua. Kumbe leo ndiyo tarehe ishirini na nane. Karani wako aliponiuliza ni majini au kwenye msumeno, nilitaka kumwambia bado kidogo, lakini mama watoto alinishika mkono nikasema majini. Tafadhali usilishughulikie ombi langu hata moja. Hata hivyo barua naileta, maana ni kitu cha kwanza nilichokimaliza mwaka huu. Uniwie radhi kwa mwandiko wa hapa mwishoni, meza ya humu botini inayumba.