Farasi wa Kuendea Ukweni

Jumatatu, 7 Agosti 1950. Nachingwea.
Bashiri kaenda Chinongwe na baiskeli mpya. Kapiga kengele kuanzia barabarani mpaka uani kwa akina Mwanaheri. Nasikia Mzee Kaimu, mjomba wake Mwanaheri, aliishika ile kengele akaipiga mwenyewe. Huyo ndiye atakayesema binti aolewe na nani. Posa yangu iko pale tangu mavuno, imekaa kimya. Kisha Bashiri kaja mpaka stoo ninakofanya ukarani, kuniambia nina miguu ya kunguru. Ni mtani wangu, siruhusiwi hata kununa. Nimecheka.

Dawa yake nimeipata. Mzungu wa karakana, pale kwenye mashamba ya karanga, amekwenda Ulaya likizo. Kaacha farasi. Baiskeli ni chuma tu. Farasi ana macho!

Jumanne, 8 Agosti.
Felisian, mtunza farasi, amekubali kunifundisha. Anasema farasi anawajua tangu vitani, kule Bama alikopigana na Wajapani. Huyu anaitwa Meja. Kwa kuwa ana cheo, nimempa shikamoo. Kapiga ndoo teke ikanipita sikioni. Felisian anasema ndivyo anavyoitikia.

Somo la kwanza: nimepandia kushoto, nimeangukia kulia. Tandiko sikuligusa.

Alhamisi, 10 Agosti.
Leo nimekaa juu yake. Meja katoka mbio hadi stoo kwangu, kapasua gunia la mbegu, kala karanga nami nikiwa mgongoni. Nimevuta hatamu mpaka mikono ikafa ganzi. Nikamwambia Felisian apande yeye nione farasi anavyosimamishwa. Akajikuna. Kumbe kule Bama yeye alikuwa mpishi tu. Farasi aliwaona wakipita.

Ningemfukuza, lakini mwalimu mwingine yuko wapi?

Jumamosi, 12 Agosti.
Nimegundua siri. Ukitupa karanga mbele, Meja anaenda mbele. Kusimama bado. Kusimama si kitu, mtu akishafika amefika.

Jumapili, 13 Agosti.
Sijui nianzie wapi. Niliondoka alfajiri, kanzu nyeupe, tarbushi, mfuko umejaa karanga. Karibu na Chinongwe karanga zikaniishia. Hapohapo, njiani, nani anakuja? Bi Zaina, mama yake Mwanaheri, na tenga la karanga kichwani.

Mimi nimelelewa. Ukikutana na mama mkwe unatoka njiani, unachuchumaa, unatazama pembeni mpaka apite. Nilitaka kushuka. Meja hakutaka. Bi Zaina naye ana adabu zake, akajifunika kanga usoni, akaingia porini. Tukaingia porini. Akazunguka mkorosho. Tukazunguka mkorosho. Ili nisiwe juu ya mkwe nikalala kifudifudi shingoni mwa farasi, nikafumba macho, nikawa natoa salamu zote nizijuazo, na za jioni pia.

Mwishowe akalitupa tenga, akapanda dungu la kulindia nguruwe. Sasa yeye alikuwa juu na mimi chini, ndivyo inavyotakiwa, nikamshukuru Mungu. Meja akala tenga zima taratibu. Nusu ya kijiji ilikuja kutazama. Mzee Kaimu aliuliza, kati yangu na farasi, mwenye mwenzake ni yupi.

Nilirudi Meja alipoamua kurudi.

Jumatano, 16 Agosti.
Dada yangu Ashura, aliyeolewa Chinongwe, kaja na salamu za Mwanaheri. Kwanza binti alilia. Baadaye alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema kengele hakuitaka, farasi hakumtaka, moyo wake uko kwangu. Ijumaa niende kwa miguu, na kuku, nikae chini pale uani, Ashura aniombee radhi kwa mama. Ijumaa ikipita, mjomba atampa mwingine neno. Ashura kanikariria maneno hayo mara mbili, kama anayemfundisha kasuku.

Nimefurahi hadi nikakaa chini. Nampenda binti yule, acha niandike. Usiku mzima namwona anavyocheka akishika ukuta.

Lakini kwa miguu? Hapo nimemwelewa. Anaona haya. Binti wa watu hawezi kutamka wazi kwamba anataka kitu kikubwa.

Ijumaa, 18 Agosti.
Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa la farasi. Farasi anakula. Trekta halili karanga, halimfuati mtu porini kwa ajili ya tenga. Tena lina magurudumu manne, baiskeli ya Bashiri mawili tu. Kornel, dereva, kakubali kunifundisha, ila ana nafasi leo tu. Yule kuku nimempa yeye, maana bila chochote asingekubali. Chinongwe nitafika Jumatatu, wanione vizuri.

Asubuhi hii nikiwa juu ya trekta, Bashiri kapita barabarani. Kwa miguu, maskini, kanzu imepigwa pasi, kuku kwapani. Leo hakunitania. Nilimwuliza kwa kelele anakwenda wapi, akajibu anakwenda ukweni. Sikumwuliza ukweni kwa nani. Nilikuwa natafuta breki.