Sahihi ya Nane ya Faiba

Jumatatu, 9 Septemba
Jana intaneti ilituaibisha tena. Binti yetu Desislava alipiga simu ya video kutoka Valencia. Mjukuu wetu Boyana, miaka sita, akasogea mpaka pua ikajaa kioo kizima. Akasema, "Babu, mimi nime—" Basi. Akaganda. Mdomo wazi, jino la mbele halipo. Nime- nini? Nimeanguka? Nimeshinda? Nimechumbiwa? Mke wangu Rumiana alikaa mbele ya picha ile robo saa nzima, akiisemesha.

Leo kuna tangazo mlangoni mwa jengo letu. Kampuni iko tayari kutuletea faiba, ila kati ya fleti kumi, nane ziweke sahihi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Faiba! Waya unaopitisha mwanga! Nilikwenda kwenye mkutano wa jengo na kalamu mfukoni.

Hapo akasimama Kolchakov wa ghorofa ya nne. Huyu alikuwa dereva wa treni, mimi mtangazaji wa stesheni hapa hapa Mezdra. Miaka thelathini na moja yeye alichelewa na mimi nikaomba radhi. Akawaambia majirani kwamba intaneti yetu ni kama matangazo ya Spas, yaani mimi: nusu unasikia, nusu unakisia.

Wakacheka. Hata Rumiana!

Nikasimama. Nikapinga. Nikasema mwanga wa faiba hupasha kuta joto, na kuta zikishika joto, chupa za achari kule chini stoo hupasuka. Niliyatoa wapi hayo? Sijui. Yalikuja yenyewe, na kwa sauti nzuri. Sahihi zilikuwa tayari sita. Bibi Tsana wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa anainama kutia yake, akarudisha kalamu. Gatyo wa ghorofa ya pili, mwenye chupa mia moja na arobaini za achari, akaweka mikono mifukoni. Ushindi!

Chakula cha jioni: hakuna. Rumiana anasema supu nayo inaweza kupasuka.

Jumanne, 10 Septemba
Desislava amepiga simu ya kawaida. Kumbe ni "nimechaguliwa". Boyana atasoma shairi kwenye shule ya Wabulgaria huko Valencia, Jumapili tarehe 22, na litarushwa moja kwa moja kwa simu ya video ili babu na bibi waone. Iskra, dada anayetuhudumia kutoka kampuni ya faiba, amesema sahihi zikitimia Ijumaa, Alhamisi inayofuata tumeunganishwa.

Rumiana alinitazama tu. Miaka arobaini na miwili ya ndoa. Kimya chake nakisoma bila miwani.

Naitaka faiba. Naitaka kuliko mtu yeyote ndani ya jengo hili. Lakini karatasi ya sahihi iko kwa Kolchakov. Nipande ngazi, nigonge, niseme nilikosea? Bora nigande mdomo wazi.

Mpango: nishindwe. Bibi Tsana na Gatyo wakitia sahihi, zinatimia nane bila mimi. Kisha nitakubali matakwa ya wengi, kiungwana, huku nikitikisa kichwa.

Jumatano, 11 Septemba
Nimempigia Bibi Tsana. Nikabana pua, nikajitambulisha kuwa Profesa Zlatarov wa Sofia, mtaalamu wa mwanga na achari. Nikamhakikishia kwamba faiba haina madhara yoyote. Alisikiliza kwa adabu. Akashukuru. Kisha akauliza, "Samahani profesa, treni ya kwenda Vratsa inaondokea njia ya ngapi?"

"Njia namba tatu. Abiria mnaombwa kusogea nyuma ya mstari."

Mungu wangu. Imetoka yenyewe!

"Ahsante, Spas mwanangu," akasema Bibi Tsana. "Sasa achia pua yako, usije ukaugua."

Hata hivyo ametia sahihi. Zimefika saba. Profesa amefaulu, kwa kiasi fulani.

Alhamisi, 12 Septemba
Kwa Gatyo nimekwenda mwenyewe. Nikamkuta roshani imejaa chupa. Amezihamisha zote kutoka stoo, ngazi hadi ngazi, kiuno kimemkatika. Hana hata pa kuchomea pilipili hoho zake. Nikamwambia sayansi imesonga mbele tangu Jumatatu. Chupa ziko salama, atie sahihi tu.

Akafunga mlango. Akashusha sauti. Akaniuliza ni nani amenitisha, ni Kolchakov? Nikasema hapana. Akasema anaelewa kwa nini siwezi kusema. Akanibana mkono, machozi yakimlengalenga, akaapa kwamba hata jengo zima likisalimu amri, yeye hatanisaliti.

Sijawahi kuaminiwa namna hii maishani mwangu. Balaa tupu.

Ijumaa, 13 Septemba
Asubuhi wazo likanijia, nikashangaa nilichelewa nini. Stoykov! Fleti ya tano! Yuko Ujerumani tangu masika, na mimi ndiye ninayemwagilia maua yake. Mtu anayekabidhiwa maua ya mwenzake, kweli hawezi kukabidhiwa sahihi yake?

Saa tano na nusu karatasi ilikuwa mezani pale chini mlangoni. Kolchakov akageuka kumwamkia mtu wa posta. Nikaandika "Stoykov", kwa mkunjo mzuri kabisa. Nane!

Dada Iskra akaja, majirani wakakusanyika, akahesabu, akafurahi, akasema atawapigia wateja mmoja mmoja kuwapa hongera. Akaanza na Stoykov, kwa kuwa hayupo. Simu ikiwa kwenye spika.

Stoykov akasema hajui faiba ni nini. Akauliza nani ametia sahihi. Majirani wote wakageuka kunitazama. Wote! Hakuna hata mmoja aliyemtazama mtu wa posta.

Dada Iskra akaifuta ile sahihi. Saa sita kasoro dakika tatu. Kolchakov akaninyooshea kalamu yake mbele ya watu.

"Jirani, tia hapa. Ni jina lako tu, tena unalijua. Fanya kwa ajili ya mtoto."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililoniua. Angenikejeli, labda ningetia. Nikasema Spas Velchev hasukumwi. Kengele ya kanisa ikagonga saa sita. Dada Iskra akafunga jalada lake, akaondoka.

Rumiana alipanda ngazi peke yake. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu sana.

Jumapili, 22 Septemba
Siku yenyewe. Nilivaa tai. Nikazima friji na redio, ili intaneti isipate kisingizio. Saa tano ikaonekana jukwaa, ikaonekana gauni jeupe, Boyana akafungua mdomo, na akaganda.

Rumiana hakulaumu. Akachukua mkoba, akasema Kolchakov amenunua bando kubwa la simu na ameliunganisha kwenye televisheni yake, jengo zima liko huko. Akaniuliza kama nakuja. Nikasema nina kazi. Akaenda.

Kazi gani? Nilikaa. Fleti ya Kolchakov iko juu ya kichwa changu. Nikasikia viti vikisogezwa. Nikasikia vicheko. Kisha kimya cha watu wanaosikiliza, na mimi nikajikuta ngazini, na soksi, sikio mlangoni pake.

Sauti ya Boyana ilitoka safi. Kila neno. Herufi za mwisho hazimezi, anapumua panapotakiwa, mistari mirefu anaipa nafasi. Hakuna aliyemfundisha. Ile ni sauti yangu, imo ndani ya mtoto wa miaka sita mwenye pengo! Akamaliza, makofi yakalia Valencia, yakalia Mezdra. Nikasahau, nikapiga makofi na mimi.

Kisha akauliza, "Bibi, babu yuko wapi?"

Nikasikia Kolchakov akikohoa. Akasema, "Babu yako amechelewa kidogo, mama. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Na mlango ukafunguka. Alijua nipo, mshenzi yule.

Nikaingia na soksi zangu mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeandaa maneno. Boyana akanionyesha pengo lake kwa ulimi, na mimi nikaweza kusema tu kwamba moshi wa pilipili za Gatyo unaumiza macho. Gatyo akasema hajachoma hata moja tangu chupa zihamie roshani. Rumiana akanipisha kwenye kiti.

Jumatatu, 23 Septemba
Nimemwomba dada Iskra arudi japo siku imepita, kampuni ikakubali, akarudi. Nimetia sahihi juu ya meza ya jikoni ya Kolchakov. Jina langu mwenyewe. Yeye akamimina rakia, pombe kali ya matunda, vikombe viwili vidogo, wala hakunitania hata kidogo. Hiyo ndiyo inayonisumbua. Mtu akikushinda na asikutanie, ana lake jambo.

Gatyo hanisalimii.

Jumatano, 2 Oktoba
Faiba imeingia! Nimemwona Boyana saa nzima bila kuganda, mpaka yeye ndiye aliyechoka kuniona. Ukuta nimeugusa mara tatu. Baridi.

Nimemwambia Rumiana kwamba nimebadilika. Kuanzia sasa Spas Velchev anasikiliza kwanza, anapima, ndipo anasema. Akanipa supu, sahani mbili.

Alhamisi, 3 Oktoba
Mkutano wa jengo. Manispaa itafunika kuta zetu kwa nje ili zitunze joto, tukikubali wote kumi. Baridi inakuja, magoti yangu yanaijua tayari. Nilikwenda kukubali. Nilikaa mstari wa mbele makusudi.

Aliyelieleza jambo lenyewe ni Kolchakov. Akaeleza vizuri, kwa ufupi, kisha akaongeza kwamba kuta zikipata joto hata Spas ataacha kutetemeka kila mwenzake anapokuwa sahihi.

Nikasimama. Nikasema kuta zikifunikwa hazipumui, na jengo lisilopumua huvimba, mwishowe milango haifungi. Watu tisa wakaitazama milango. Sauti yangu haijawahi kuwa nzuri hivyo!

Sasa nimekaa mezani nawaandikia manispaa, kwa jina la Wakazi Wenye Wasiwasi, kuomba watulazimishe kwa sheria. Wao watalazimisha, mimi nitapinga hadi mwisho, nitashindwa kwa heshima, na Januari nitaota joto. Mpango hauna kasoro hata moja.

Rumiana amesoma mistari miwili juu ya bega langu, akaenda kabatini kutoa mablanketi.