Kodi ya Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 13 Januari

Miaka miwili na miezi minne tangu niondoke mji wetu wa Totonicapán. Niliaga kwa mwaka mmoja. Theluji ya hapa Kansas imefika magotini. Leo nimebeba makabati mawili na friji. Mgongo huu hautamaliza majira mengine ya baridi, najua.

Lakini kuna tumaini. Bwana Hostetler, mwenye duka letu la samani, amenunua programu mpya ya mauzo. Kabla haijaanza kazi, kila msimbo wa posta tunakopeleka mizigo lazima uingizwe pamoja na kiwango chake cha kodi. Bi Lorraine, mhasibu, anahitaji msaidizi. Kiti kipo tayari, karibu na hita. Atapewa mtu wa ghalani, na ghalani tuko wawili tu: mimi na Wendell, dereva wa lori.

Nimemwandikia mke wangu Candelaria kwamba sasa mimi ni karani. Ni karibu na kweli.

Jumatano, 15 Januari

Nimejitolea kumsomea Bi Lorraine misimbo saa ya chakula. Mwanamke wa ajabu. Vidole vinaandika, macho yako dirishani. Anajua kodi ya jimbo, ya kaunti, ya mji, hata ile ndogo ya mji mmoja unaokarabati bwawa lake la kuogelea. Anazijumlisha kichwani huku akitafuna mkate.

Akakwama mahali pamoja. Mpaka wa mji unapita katikati ya barabara ya Prairie. Msimbo mmoja, viwango viwili. Nikamwambia hapo nimebeba masofa pande zote. Kushoto kuna taa, ndio mji. Kulia ni giza na ng'ombe, mji umeishia hapo. Akatazama ramani, akakuta ni kweli. Akasema, "Eleuterio, wewe ni ramani yenye miguu."

Sikuhitaji chakula cha jioni.

Ijumaa, 17 Januari

Akili imefanya kazi. Kodi hufuata mahali mzigo unaposhushwa. Upande wa kulia kodi ni ndogo. Na kulia yupo mzee Stucky, anayeishi peke yake, na banda lake la ng'ombe.

Bi Vogel wa upande wa kushoto alikuwa anazunguka kitanda kimoja kwa wiki nzima, anakibonyeza, anaondoka. Nikamnong'oneza kishushiwe bandani kwa Stucky. Akanunua papo hapo. Mzee Stucky hana neno, mradi ng'ombe wasishtuliwe.

Nakiona kabisa kile kiti. Kinanisubiri mimi.

Jumanne, 21 Januari

Habari zimeenea. Upande wa kushoto wote sasa unataka mizigo ishushwe bandani. Bwana Hostetler amenipigapiga begani, akasema hajawahi kuuza hivi mwezi wa Januari.

Jambo moja sikulifikiria. Barabara yenyewe.

Wendell alisimamisha lori mbele ya banda, akazima injini, akafungua chupa yake ya kahawa. Nikamwomba avuke tu, hatua chache. Akasema, "Kaka, karatasi inasema banda. Huko ng'ambo mimi sina mwenyeji." Nikakibeba kitanda cha Bi Vogel mgongoni, juu ya barafu. Halafu kabati la jirani yake. Halafu la jirani wa jirani. Bi Vogel alinishikia mlango na kunihimiza kwamba nimebakiza kidogo tu.

Nikiri hata hivyo: Wendell alirudisha lori kinyumenyume hadi mlango wa banda kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ana kipaji, mshenzi yule.

Alhamisi, 23 Januari

Bi Lorraine ameniita. Programu imemwonyesha kwamba mzee Stucky amenunua vitanda vya kutosha hospitali. Akaniuliza kwa upole kama ng'ombe wake wameanza kulalia magodoro. Nikasema baridi ya mwaka huu ni kali. Hakucheka.

Akanieleza kwamba kodi hufuata nyumba ya mnunuzi, si mahali lori linapopumzika. Wakaguzi wakija, jina watakaloliuliza ni lake yeye. Hapo nikatazama viatu vyangu. Akasahihisha mauzo yote kabla ya kufunga ofisi, na kesho nitapita mlango kwa mlango kuomba radhi na kudai tofauti ya kodi.

Nimewahi kukamatwa na watu wengi. Sijawahi kukamatwa kwa unadhifu namna hii.

Jumatatu, 27 Januari

Kiti amepewa Wendell. Sababu: hajawahi kushusha mzigo mahali pasipoandikwa. Ameingia na chupa yake ya kahawa, akakaa kama aliyezaliwa pale. Nikamwona Bi Lorraine akimfundisha kwa uvumilivu wake wote. Nilimwonea Wendell wivu, nikarudi kwenye makabati.

Ila njiani nimefikiria. Kushoto kuna kiwango chake. Kulia kuna chake. Ule mstari wa rangi katikati ya barabara hauna nyumba, kwa hiyo hauna msimbo. Mnunuzi akipokea sofa yake pale, juu ya mstari, amesimama, nani atamdai? Nimemgusia Bi Vogel. Ameanza kutazama meza ya kulia.

Bi Lorraine akiona hesabu hii, lazima atanitafutia kiti cha pili.

Nimemwandikia Candelaria aipige pasi suti yangu. Narudi Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, msimamizi wa mji wetu, nikiwa karani. Mwaka huu. Mgongo ukikataa, basi ujao.