Pete ya Rejeta

Jumatatu, 4 Agosti

Gari limechemka tena. Mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja! Asubuhi nilijaza maji ya rejeta, yale ya kijani. Jioni hakuna. Na chini pakavu, hata tone moja.

Jumamosi ni ntheo. Napeleka mbuzi watatu kwa kina Kalondu, mchumba wangu, kule Katangi, na wasipofika hakuna ndoa. Safari mbili nimeishia njiani, mvuke umetanda. Leo Kalondu amenipigia kutoka Athi River, anakoshona suruali kiwandani. Amesema nisipofika mara hii nisijisumbue tena. Alisema polepole, bila kelele. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimelipeleka kwa Winfred, fundi wa karibu na stendi, hapa Machakos. Dada huyo hakugusa injini. Alibonyeza kifuniko cha rejeta, akanionyesha mpira wake ulivyopasuka. Eti maji yanatoroka kama mvuke nikiwa barabarani, ndiyo maana sioni tone. Ninunue kifuniko kipya, niende nyumbani.

Kifuniko! Mimi Musili, miaka arobaini na moja, gari langu liugue kifuniko? Nilimwambia gari la mtu mzima huugua ugonjwa wa watu wazima. Akauliza kama nataka alitundikie dripu. Niliondoka bila kuaga.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua. Maji yanaibwa! Jirani yangu Munyao ana pikapu, na pikapu hiyo haichemki kamwe. Isitoshe, zamani alimtaka Kalondu. Ushahidi gani tena?

Mtego: nimemimina rangi nyekundu ya keki kwenye rejeta, chupa nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Asubuhi nimekuta matone mekundu chini ya pikapu ya Munyao. Niliita watu. Walikuja kumi na wawili, katekista akiwemo. Nilihutubia.

Munyao aliniomba nichovye kidole. Nikachovya. Nikanusa. Mafuta ya giaboksi. Akawaeleza watu, kwa upole wa kuudhi, kwamba mafuta hayo huuzwa yakiwa mekundu. Kisha akasema kama nina shida, pikapu yake inaweza kubeba mbuzi Jumamosi, na ataendesha mwenyewe.

Aendeshe! Aonekane kule na mbuzi wangu! Heri niwabebe mgongoni. Katekista ameahidi kuniombea.

Ijumaa, 8 Agosti

Ngui muuza chapati anasema yai bichi likitiwa kwenye rejeta huziba tundu. Nimelifikiria jambo hili. Yai ni dogo. Ni nini hushika kuliko yai? Nimetia mayai manne na nusu kilo ya unga wa wimbi. Kifuniko ni kilekile.

Nimezunguka mtaa mara mbili. Mshale wa joto haukupanda! Mimi ni fundi, nimekosa spana tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulitoka saa mbili: mimi, shangazi Kavindu, ambaye ndiye msemaji wetu, na mbuzi watatu kiti cha nyuma. Tulipokaribia Katangi mshale ulipanda hadi mwisho. Nikasimama, nikafungua boneti.

Uji! Uji wa wimbi, mwekundu, unafurika kutoka kwenye rejeta, umeiva vizuri. Mbuzi mmoja alichungulia, akanusa, akageuza uso.

Maji ya kuongeza hatukuwa nayo. Simu ya Kalondu ikawa inaita, nikashindwa kushika. Mara akatokea mama mmoja na punda aliyebeba mitungi minne. Shangazi akanibana mkono: “Musili, huyo ni mama ya Kalondu!”

Nthoni! Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutanishi uso. Nilijitupa chini ya gari. Uji ukanifuata huko, bado wa moto.

Niliona miguu tu: minne ya punda, miwili yake. Alimwambia shangazi amwambie mtu yule ambaye hayuko chini ya gari kwamba rejeta si sufuria. Kumbe ameendesha kinu cha kusaga kwa miaka ishirini, injini ya kupozwa kwa maji. Walingoja ipoe, wakipiga hadithi. Kisha akasafisha rejeta kwa mitungi yake hadi uji ukaisha, akakitazama kifuniko. Akauliza, bila kumtazama yeyote, ni fundi gani mjinga aliyekosa kumwambia mwenye gari kuhusu mpira huu.

Mtu ambaye hayuko chini ya gari alijisogeza nyuma ya gurudumu.

Alikata kipande cha blada, ule mpira wa ndani ya tairi aliofungia mitungi, akakichonga kuwa pete, akaipachika ndani ya kifuniko. Akajaza maji ya mwisho, akashika njia na punda wake bila kugeuka.

Tulifika saa tisa. Mbuzi wamepokewa! Kalondu alinishika mkono mbele ya watu wote, uji ukiwa umenikauka shingoni. Nililia kidogo. Nilisingizia moshi.

Jumapili, 10 Agosti

Katangi hadi Machakos, gari halikuchemka. Nimekagua rejeta: maji yamejaa. Unga wa wimbi umefanya kazi! Ulihitaji tu muda wa kushika. Lazima Winfred aambiwe.

Ile pete nimeitoa. Zawadi ya kwanza ya mama mkwe, tena pete, ikae gizani na joto lote lile? Nimeiosha kwa sabuni. Nimeiweka kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cheupe, mahali ambapo Munyao akipita dirishani ataiona. Kifuniko nimekirudisha kilivyokuwa.

Kalondu, aliyerudi nasi, anaingia kazini kesho saa moja asubuhi, na wameshamwonya kwamba akichelewa tena atafutwa kazi. Alitaka kupanda matatu. Nimemkataza. Nitampeleka mwenyewe.