Mwanao Alikataa Faili Langu

Kola, Machakos
Agosti 2004

Kwa Mzee Dayib, mfanyabiashara wa mifugo, Machakos mjini

Mzee wangu mheshimiwa,

Asalaam alaikum. Nakuandikia kwa adabu, ingawa moyo unachemka, kumshtaki mwanao Nuradin, fundi wa kompyuta. Jumamosi watu wa Katangi wanaleta mbuzi wa ntheo kumposa binti yangu Nthenya. Mbuzi hao wakishaliwa, binti ameolewa, hakuna kurudi nyuma. Nilitaka tu kuchapa mialiko yenye ramani ya kufika kwangu.

1. Programu ya ramani ilikosa faili moja la maktaba, yaani kipande ambacho programu huazima ili ifanye kazi. Nikamletea kwenye disketi, jina lile lile, ukubwa ule ule. Akalipitisha kwenye hesabu zake, ukatoka msururu wa herufi na tarakimu anaouita alama ya kidole. Haukulingana na ule wa watengenezaji, basi akasema faili ni bandia.

2. Nikamletea barua ya chifu kuthibitisha kwamba faili hilo linajulikana na lina tabia njema. Alicheka, Mzee. Aliicheka barua yenye muhuri!

3. Anasema ukigusa nukta moja ndani ya faili, alama yote hugeuka. Mimi nimeng'olewa meno mawili tangu Pasaka, na mke wangu bado ananipakulia chakula kama mume yule yule.

4. Kwetu jina linatosha. Baba yangu Kaloki alioa wake wawili, na kila nyumba ikampa kifungua mimba jina la babu. Ndiyo maana tuko Nzau Kaloki wawili, tumepakana ua, na kila mmoja ana binti aliyezaliwa mchana, kwa hiyo wote ni Nthenya. Nani amewahi kupotea? Leo ni faili. Kesho marehemu atazuiwa kuingia kaburini mpaka alama yake ilingane.

Naomba umwamuru Nuradin aamini majina kama mtu aliyelelewa vizuri. Mialiko nimeiandika kwa mkono: "Kwa Nzau Kaloki, baba yake Nthenya, Kola."

Msalimie Mama Hoodo na wote wa zizini, wa miguu miwili na minne.

Wako kwa uchungu na heshima,
Nzau Kaloki

N.B. Barua hii ilikosa wa kuileta mjini mapema. Jumamosi wageni walikwenda kwa ndugu yangu wa jina, akawapokea kwa mikono miwili, na mbuzi wameliwa wote. Nthenya wangu amejifungia chumbani, analia. Nakusihi, Mzee, mtume Nuradin upesi na hesabu zake. Wazee wanasema kijana wa Katangi ameshaoa Nthenya wa Nzau Kaloki, na kwa jina hawajakosea.